Daftari la Klabu

Gunia la jezi lililetwa kwa Remei Jumatatu jioni, wakati ndiyo kwanza amevua viatu baada ya zamu ya kiwandani. Lililetwa na Don Leandro mwenyewe, rais mpya wa klabu ya mpira ya Pontarró. Majirani walipomwona akipanda mtaa na shati lake la buluu la chama tawala, walivuta madirisha yao taratibu, kama watu wanaokwepa baridi. Na huo ulikuwa mwezi wa Aprili, baridi imeshakwisha.

"Remedios," alisema mlangoni. Jina alilobatizwa ni Remei, lakini tangu vita viishe, mwaka wa pili sasa, jina hilo la Kikatalani halikukubalika kwenye karatasi yoyote, na Don Leandro alikuwa mtu wa karatasi. "Hizi ni jezi ishirini na mbili. Kila moja ina nembo kifuani. Unaifumua, unashona hii hapa."

Akaweka mezani furushi la nembo mpya. Remei akachukua moja, akaigeuza upande wa ndani, akatazama kazi ilivyofanywa, kama anavyotazama kila kitambaa kiwandani.

"Ile ya zamani ilikuwa na mistari minne myekundu," alisema, ile ya bendera ya Wakatalani.

"Sasa ni miwili. Wakubwa jijini wamesema miwili inatosha. Na klabu haiitwi tena Unió Esportiva Pontarró. Ni Unión Deportiva Pontarrón."

"Pontarrón?" Sauti ilitoka kando ya jiko, kwa Mama Tecla, mkwewe Remei, mwanamke wa miaka sabini na minane ambaye masikio yalikuwa yamechoka lakini si yote mawili. "Huko ni wapi? Mbali?"

Alisema kwa Kikatalani, kwa sauti ya viziwi, mlango ukiwa wazi.

"Bibi, sema lugha ya Wakristo, Kihispania," Don Leandro alisema.

"Ndiyo hii ninayosali nayo. Na Mungu hajawahi kuniambia hanisikii."

"Mama," Quirze alisema. Quirze alikuwa mwanawe, na mume wa Remei. Aliinuka Don Leandro alipoingia na alikuwa bado amesimama, mikono ikining'inia, ingawa hakuna aliyemwambia asikae. Alikuwa amerudi miezi mitano iliyopita kutoka kambi ya wafungwa wa vita waliokuwa wakichonga barabara milimani. Tangu hapo hakupata kazi, kwa sababu kazi ilitaka hati ya mwenendo mwema, na hati ilitaka sahihi ya mtu kama Don Leandro.

Don Leandro akamgeukia, akamnyooshea mkono. Quirze akauangalia kwanza, kisha akaupokea.

"Quirico, nimesikia wewe ndiye uliyekuwa unatunza uwanja zamani. Na ukatibu pia."

"Ndiyo, Don Leandro."

"Ukatibu tumeshapata mtu. Lakini nyasi zimekuwa za kulisha mbuzi. Jumapili ya wiki ijayo tunafungua, anakuja mkubwa wa michezo wa jimbo. Nataka mistari ya chokaa inyooke. Ukifanya vizuri nitakuandikia hati yako. Mimi sina kinyongo na mtu aliyepelekwa vitani kwa lazima. Kinyongo changu ni na wale wengine." Akauachia mkono. "Unajua shemeji yangu Cardús alifungiwa wapi."

"Najua."

"Katika chumba cha kubadilishia nguo. Siku tatu. Mtu aliyewajengea jukwaa kwa fedha zake."

Alipoondoka, Mama Tecla aliuliza yule bwana alitaka nini, na Remei akamwambia anataka kushonewa.

*

Asubuhi yake Quirze alikwenda uwanjani na jembe. Remei alimwona akitoka na hatua ambazo hakuwa ameziona tangu arudi, hatua za mtu anayejua anakokwenda.

Jioni alisimulia. Hakuwa msemaji siku hizi, kwa hiyo ilitoka vipande vipande, baina ya kijiko na kijiko cha supu ya kabichi. Walikuwa wameweka meza katikati ya uwanja, pale kwenye alama ya kuanzia mpira, na karani nyuma ya meza. Wachezaji walipanga foleni. Kila mmoja alipewa fomu yenye maswali kumi na saba, na la mwisho lilisema: je, uko tayari kutaja majina ya wengine? Ulikuwa wapi siku vita vilipoanza. Nani katika ukoo wako yuko ng'ambo ya mpaka, Ufaransa. Ulikuwa mwanachama wa chama gani cha wafanyakazi.

"Winga wa kulia wamemnyima leseni," Quirze alisema. "Kaka yake yuko Ufaransa."

"Sasa kosa la mpira hapo ni lipi?" Mama Tecla aliuliza.

"Hakuna aliyeuliza, Mama. Kisha wakaambiwa, ndani ya uwanja ni Kihispania tu. Hata kuomba pasi. Unamjua yule kipa, mtoto wa fundi saa. Yeye amezoea kupiga kelele 'meva', yaani mpira ni wake. Leo akakumbuka katikati ya hewa, akafunga mdomo. Akagongana na beki wake. Ametoka damu puani."

Mama Tecla akacheka. Quirze naye alitaka kucheka, uso ukaanza, halafu ukaacha.

Remei alikuwa amekaa karibu na taa na jezi mapajani. Nembo za zamani zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mzuri, uzi wa kabla ya vita, na hazikutaka kutoka. Alizifumua kwa ncha ya wembe. Kila nembo ilipotoka iliacha kifuani alama ya duara yenye rangi iliyokolea zaidi, mahali ambapo jua halikuwa limefika. Nembo mpya ilikuwa ndogo kidogo, haikuifunika alama yote. Alilipima jambo hilo akilini, akaona si kazi yake kulisema.

*

Jumatano alikuja Mundeta.

Mundeta alikuwa mke wa Ermengol Palau, aliyekuwa beki wa kushoto na nahodha wa Pontarró kwa miaka tisa, fundi wa kutia rangi kiwandani. Ermengol alikuwa gerezani jijini mwezi wa kumi na nne sasa. Watu walikuwa na mazoea ya kuvuka mtaa wakimwona Mundeta, na yeye, ili kuwapunguzia aibu, alikuwa ameanza kuvuka kwanza.

Hakukaa. Alisimama katikati ya jiko na shuka lake jeusi begani.

"Kesi ni Ijumaa," alisema. "Watu kumi na wanne kwa asubuhi moja. Mwanasheria wao ni luteni, nilimpata kwenye ngazi. Aliniambia, mama, mumeo ndiye aliyekuwa na ufunguo wa chumba, na watu wamemwona akiingia na kutoka wakati meneja wa kiwanda, Cardús, amefungiwa mle. Hiyo ni hukumu ya kifo. Nikamwambia, bwana, alikuwa anampelekea supu. Supu yangu. Nimeipika mimi. Akasema, lete ushahidi."

Kisha akamtazama Quirze.

"Shemeji, lile daftari. Ermengol alisema kupitia mke wa mfungwa mwenzake. Alisema, mwambie Quirze atoe daftari la mikutano. Limeandikwa mle kwamba kamati ya mapinduzi ilipokuja na bunduki kutaka chumba kiwe jela, yeye alikataa. Alisema uwanja ni wa mpira. Wewe uliandika kwa mkono wako."

"Niliandika," Quirze alisema.

"Liko wapi?"

"Nililificha chini ya pipa la maji, nyuma ya jukwaa. Ndani ya bati la biskuti." Alikuwa ameshachukua kofia yake. "Nisubiri hapa."

Alipotoka, Remei alimwekea Mundeta kikombe cha kahawa ya shayiri. Mundeta akakishika kwa mikono miwili bila kunywa, akaanza kueleza ngazi za mahakamani zilivyo ndefu, na jinsi wanawake wanavyokaa juu yake tangu alfajiri, kila mmoja na kikapu chake, na askari anavyowaruka kama anavyoruka madimbwi. Remei alisikiliza. Aliendelea kushona. Alijua mumewe anafika saa ngapi kwenye pipa, anainama saa ngapi, na atakuta nini.

Quirze alirudi na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Halipo," alisema.

Mundeta akakiweka kikombe mezani. "Umetafuta vizuri?"

"Bati lipo. Daftari halipo."

"Basi wamelichukua wao."

"Wangelichukua wao, mimi nisingekuwa hapa," Quirze alisema, na aliposema hivyo akageuka akamtazama mke wake, polepole, kama mtu anayesikia maneno yake mwenyewe yakimrudia.

Remei alikata uzi kwa meno.

"Nenda nyumbani, Mundeta," alisema. "Tutalitafuta."

*

"Ulilichoma lini?" Quirze aliuliza walipobaki wenyewe. Mama Tecla alikuwa amelala, au alijifanya.

"Januari ile. Siku mbili kabla jeshi halijaingia. Wewe ulikuwa bado mstari wa mbele vitani, sijui uko hai au umekufa. Watu wote mtaani walikuwa wanachoma. Kadi za chama, picha, vitabu vya watoto. Moshi ulitanda mpaka mtoni. Nikakumbuka daftari."

"Hukulisoma kwanza?"

"Nililisoma. Ndiyo maana nikalichoma."

Quirze akakaa.

Yeye na mkewe hawakuwahi kulizungumza jambo lile. Siku ile ya Agosti, mwaka vita vilipoanza, wajumbe saba wa klabu walikaa kwenye benchi ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, na watu wa kamati wenye bunduki walisimama mlangoni wakivuta sigara. Kila mjumbe alitajwa jina na kila mjumbe akajibu. Ermengol alisema hapana. Akasema, leo tukimfungia mtu hapa, kesho nani atavua nguo humu acheze? Wengine sita walisema ndiyo. Wa sita alikuwa katibu, naye aliyaandika majibu yote saba kwa mwandiko wake mzuri, pamoja na jibu lake. Siku ya tatu lori lilikuja usiku likamchukua Cardús, na Cardús hakuonekana tena. Kati ya wajumbe wale, watatu walikufa vitani na wawili walivuka kwenda Ufaransa.

"Ungeniambia," Quirze alisema.

"Nikwambie nini? Ulirudi hapa una kilo arobaini na nane. Nilikuwa nakulisha mkate uliolowekwa."

"Mtu anakufa Ijumaa, Remei."

"Najua siku."

"Daftari lingemtoa."

"Na lingekuingiza wewe. Nilipima, Quirze. Sikuwa na mizani nyingine ila ile. Ermengol hajawahi kunikosea, na mke wake tumelelewa mtaa mmoja. Lakini si yeye niliyefunga naye ndoa." Aliongea bila kupandisha sauti, kama anayetaja bei ya viazi. "Sasa limekwisha. Hapa hakuna anayejua ulisema nini siku ile ila wewe, na mimi, na Ermengol, na Ermengol hajakutaja kwa miezi kumi na minne. Wamemuuliza kwa mikono, unajua wanavyouliza. Hajakutaja."

Hilo la mwisho hakulipima. Alilisema ili kumtuliza, na lilipokwisha kutoka aliona limefanya kazi nyingine kabisa.

Quirze aliinama akaanza kufuta udongo viatuni kwa kijiti. Alifuta kiatu kimoja mpaka kikatakata, akahamia cha pili.

"Kesho nitamalizia mistari ya goli la upande wa mto," alisema.

*

Ijumaa Quirze alivaa koti lake la harusi na kupanda treni ya saa kumi na moja alfajiri kwenda jijini. Remei alimsikia akivaa. Alilala na uso ukutani na hakugeuka. Alikuwa amepanga kumshika akiwa mlangoni, na hata maneno alikuwa nayo, lakini mwili haukuinuka.

Kiwandani siku hiyo hakukosea hata uzi mmoja.

Mundeta alikuja giza likiingia. Safari hii alikaa, tena alikaa kabla ya kukaribishwa.

"Alisimama," alisema. "Wale maafisa walikuwa watano mezani, mmoja anasinzia. Luteni akasema kuna raia mmoja anataka kusema. Wakamwacha kwa sababu ilikuwa haraka kuliko kumkataza. Akasema, mimi nilikuwa katibu wa klabu. Huyu Palau alipinga. Alikuwa peke yake kupinga. Alimpelekea mfungwa chakula kwa hatari yake."

"Kwa Kihispania?" Remei aliuliza.

"Kwa Kihispania. Kibovu, lakini kilieleweka. Basi yule wa katikati akainua kichwa. Akamuuliza, peke yake kupinga, kati ya wangapi? Akasema saba. Na wewe ulikuwa miongoni mwa hao saba? Ndiyo, bwana. Basi ulijibu nini?"

Mama Tecla alikuwa amesogeza kiti chake karibu, mkono sikioni.

"Angeweza kusema hakumbuki," Mundeta alisema. "Mimi nilikuwa namwombea aseme hakumbuki. Akasema, nilijibu ndiyo. Nilikuwa na hofu, lakini nilijibu ndiyo. Wakamtoa pale kwenye kizimba cha mashahidi wakamkalisha benchi la washtakiwa. Ilikuwa hatua nne. Ermengol alisogea akampa nafasi."

"Shoga," Mundeta alisema, "sijui nikwambie nini."

"Usiniambie kitu. Umekula?"

"Sijala."

Remei akainua mfuniko wa sufuria.

*

Don Leandro alikuja Jumamosi mchana. Hakubisha hodi. Remei alikuwa mezani na jezi zilizobaki. Mama Tecla alikuwa ametulia safari hii, akimenya viazi bila kuinua macho.

"Nilikuwa nampa mkono kila asubuhi," Don Leandro alisema.

Remei alitia uzi kwenye sindano.

"Kila asubuhi. Naye anaupokea. Anajua, na anaupokea." Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa mweupe kama wa mtu aliyeamka na homa. "Dada yake mke wangu, mjane wa Cardús, mwaka wa tano huu anauliza ni nani waliosema ndiyo. Sasa nitakwenda kumwambia mmoja wao alikuwa ananichorea mistari."

"Mwambie pia alikwenda mwenyewe," Remei alisema. "Hakuitwa."

Don Leandro alilitazama furushi la jezi.

"Umemaliza?"

"Zimebaki nne."

"Malizia."

Akavuta kiti, kile cha Quirze, akakaa. Remei akashona. Hakuharakisha na hakuchelewesha. Kila jezi ilichukua muda uleule, na muda wote ule Don Leandro alikaa ameshika kofia magotini, akiangalia sindano ikiingia na kutoka. Mara moja alikohoa. Mara moja Mama Tecla aliinuka, akampitia mbele kwenda kumwaga maganda, akarudi. Jezi ya nne ilipoisha Remei alizikunja zote ishirini na mbili, akazitia guniani, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba.

"Ufunguo wa uwanja," Don Leandro alisema.

Ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Akampa. Alipofika kizingitini aligeuka.

"Familia hii haitakanyaga tena uwanjani kama wafanyakazi. Kama watazamaji, wanaolipa kiingilio, siwezi kumzuia mtu." Akafikiri. "Wala sitaki kuwaona."

Hukumu ilitangazwa mwezi uliofuata. Ermengol alihukumiwa kifo, kisha kifo kikabadilishwa kuwa miaka thelathini. Quirze alipata miaka kumi na miwili na siku moja. Hakuna aliyeeleza kama maneno ya Quirze ndiyo yaliyookoa shingo ya Ermengol au ni bahati ya jalada. Mundeta aliamini ni maneno. Alihamia jijini, akapata kazi ya kufua kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na gereza. Remei hakuwa na la kuamini. Aliulizwa mara mbili kiwandani kama yeye ndiye mke wa yule, akajibu ndiye, na wakampeleka chumba cha chini, kwenye mashine za kuchambua pamba, penye vumbi na mshahara mdogo. Alikwenda chumba cha chini.

*

Barua ya kwanza ilifika Septemba. Ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Kihispania kama ilivyoamriwa, na muhuri wa mkaguzi ulikuwa umepigwa juu ya maneno yenyewe. Remei aliisoma kwa kidole, akimtafsiria Mama Tecla kwa sauti.

Quirze alisema afya yake ni nzuri. Remei alijua kila mfungwa huandika hivyo. Alisema wanalala safu moja, yeye na Ermengol, na godoro ni moja kwa watu wawili. Alimsalimu mama yake. Hakuomba radhi, wala hakusema neno juu ya daftari. Mwishoni, baada ya salamu na kabla ya maneno ya kumtukuza Jenerali, mtawala wa nchi, ambayo kila barua ilipaswa kufungwa nayo, alikuwa amebananisha mstari mmoja: Ermengol anauliza kama ligi imeanza, na nani anacheza nafasi yake.

"Nafasi gani?" Mama Tecla aliuliza.

"Beki wa kushoto."

"Basi mwambie."

"Mimi nitajuaje, Mama? Sijawahi kwenda mpirani maisha yangu yote."

Ilikuwa kweli. Miaka yote Quirze alipokuwa katibu, Jumapili ya Remei ilikuwa ya kufua. Alikunja barua akaiweka kwenye kopo la chumvi. Kutwa nzima hakuigusa. Jumapili, baada ya misa, badala ya kuteremka mtoni na beseni, alivaa viatu vyake vya kwenda kanisani, akachukua sarafu za kiingilio, akapanda kwenda uwanjani.

Alisimama nyuma ya goli, upande wa watu wasio na jukwaa. Waliomtambua walisogea kidogo, si kwa ubaya, ila kumpa nafasi ya kuwa peke yake. Timu zikaingia zikajipanga katikati, uso kwenye jukwaa. Kipaza sauti kikaamuru. Wachezaji wakanyoosha mikono ya kulia mbele na juu, saluti ya chama, na uwanja mzima ukafuata, na wimbo ukaanza. Remei aliangalia mikono iliyomzunguka. Kwenye jukwaa Don Leandro alikuwa amegeuza kichwa upande wake. Remei akanyoosha mkono wake. Ulikuwa mzito kidogo, kama mkono uliolaliwa. Wimbo ulikuwa na beti nyingi kuliko alivyodhani.

Kisha kipaza sauti kikasoma majina kumi na moja, yote yamegeuzwa ya Kihispania, na hakulitambua hata moja. Akaanza kuyarudia chinichini yasimpotee.

"Huyo wa kwanza ni mtoto wa fundi saa," sauti ilisema karibu yake.

Alikuwa Baldiri, mwokaji mikate, mzee mwenye kikohozi cha unga. Hakumtazama. Alikuwa ametazama mbele, mikono mfukoni, akisema kwa Kikatalani bila kufungua midomo vizuri.

"Bado anafunga mdomo mpira ukija. Wa pili ni mpwa wa Sió, yule wa duka la ngano. Anakimbia, lakini hajui anakokwenda. Unawakariri wa nini, mama?"

"Kuna mtu ameuliza."

Baldiri akakohoa. Hakuuliza ni nani.

"Basi tazama huku," alisema. "Nitakwenda pole pole."

Akamtajia mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alimpa jina lake halisi, na jina la baba yake, na mtaa. Alimweleza nini maana ya kuotea, kwa sababu aliona hajui, na kwa nini refa alipiga filimbi, na kwa nini hakupaswa. Pontarró walifungwa magoli matatu. Yote matatu yalipita upande wa kushoto.

"Na yule ni nani?" Remei aliuliza. "Wa kushoto."

"Yule ni karani wa Don Leandro. Wa foleni ya fomu."

"Anajua mpira?"

Baldiri alifikiri kwa uaminifu, kama anayepima unga.

"Ana viatu vizuri," alisema.

Usiku ule Remei aliweka karatasi mezani. Aliandika kwamba mama yu mzima, kwamba mvua zimechelewa. Akaandika majina kumi, moja chini ya jingine, kwa Kihispania ili mkaguzi asiyafute. Kisha akaandika: beki wa kushoto ni karani, magoli matatu yamepita kwake, na Baldiri anasema ana viatu vizuri. Akaongeza maneno ya lazima, akabandika bahasha.

Jibu lilichukua wiki saba. Lilikuwa na muhuri mahali palepale. Afya ilikuwa nzuri. Ermengol, Quirze aliandika, alisomewa habari za beki wa kushoto mara mbili, akaomba mara ya tatu, na wenzao wa safu ile wakaomba nao. Wanataka kujua mechi ijayo ni na nani.

Remei alimsomea Mama Tecla, akakunja karatasi, akaenda kuangalia kalenda ukutani kama Jumapili hiyo wanacheza nyumbani.